UZI: Kupima mkao wa dereva na abiria kabla ya kuchomelea kiti

Fundi_Ndosho (Goma)

Jambo kwenu wote, Goma, Bukavu na L'shi (Lubumbashi). Uzi huu ni wa wanaotengeneza viti vya minibasi, wanaohamisha usukani kutoka kulia kwenda kushoto, na vijana wanaochora magari kwenye kompyuta. Naomba kila mwenye hoja aje na vipimo.

Naanza na kosa linaloharibu kazi nyingi: kiti kupimwa kikiwa kitupu. Metre inasimamishwa sakafuni, inasomwa usawa wa juu ya mto, "sentimita 38, sawa", kisha fundi anawasha mashine ya kuchomelea. Mtu hakai juu ya mto, anazama ndani yake. Chukua viti viwili vyenye kimo kimoja, kimoja cha sponji ngumu na kingine cha sponji ya godoro. Dereva yuleyule akikalia cha pili, macho yanashuka, goti linapinda zaidi na kisigino kinatafuta mahali pengine pa kukaa.

Kwa hiyo vipimo vyote vianzie kwenye nyonga. Wahandisi wa magari wanaiita nukta H, yaani pale kiwiliwili na paja vinapokutana na kupinda. Wanaitafuta kwa mwanasesere wa chuma na plastiki anayeelezwa katika kanuni J826 ya SAE (chama cha wahandisi wa magari cha Marekani), mwenye uzito wa karibu kilo 76. Nukta ileile ikiwa bado kwenye mchoro tu, kabla kiti hakijatengenezwa, huitwa nukta R. Kupima kiti ni kuuliza kama H ya kweli imeangukia karibu na R ya mchoro.

Utaratibu wenyewe, kwa ufupi, kama ulivyo kwenye kanuni za Umoja wa Mataifa:

Gari likae kwenye joto la nyuzi 20, kuzidi au kupungua 10. Kiti kipya kabisa kikaliwe mara mbili, dakika moja kila mara, na mtu wa kilo 70 hadi 80, kisha kiachwe bila mzigo angalau dakika 30. Tandika kitambaa cha pamba juu yake. Weka mwanasesere bila vizito. Mguu wa kulia uwe kwenye pedali ya mafuta isiyokanyagwa, kisigino sakafuni. Sukuma kwa nguvu ya nyutoni 100 kuelekea nyuma, mara mbili. Ndipo uweke vizito vya matako kulia na kushoto, kisha vizito 8 vya kiwiliwili kwa kupokezana pande. Mtikise kwa upande, nyuzi 5 kulia na 5 kushoto, mizunguko mitatu, ili msuguano wa kitambaa uachie. Rudisha miguu mahali pake, soma.

H ikiangukia ndani ya mraba wa mm 50 wenye R katikati, na pembe ya kiwiliwili ikatofautiana na ya mchoro kwa nyuzi 5 au chini, kiti kimekubalika. Ikitoka nje, pima mara mbili zaidi. Mbili kati ya tatu zikikubali, basi.

Kadutu_Viti (Bukavu)

Aksanti yaya. Shida ni moja: mwanasesere huyo hayupo Bukavu, na bei yake hata tusiiulize. Sisi tuna tripleksi, bawaba na mchanga. Inawezekana?

Fundi_Ndosho (Goma)

Inawezekana, ila ujue unachopata na usichopata. Hupati nukta H ya kisheria. Unapata nukta inayorudi palepale kila ukipima, na hiyo inatosha kulinganisha kiti kimoja na kingine.

Kata vipande viwili vya tripleksi ya mm 12: cha kalio na cha mgongo. Usiviache bapa. Upande wa chini na wa nyuma bandika sponji ngumu iliyochongwa kwa umbo la matako na mgongo, uifunike kwa ngozi bandia. Ubao bapa unakaa juu ya kingo za mto na hauzami katikati, ndiyo maana watu wanapata nyonga iliyo juu kupita kiasi na kulaumu sponji. Unganisha vipande kwa bomba jembamba linalopita upande hadi upande. Mhimili wa bomba hilo ndio nyonga yako, na ncha zake zitokeze mm 30 kila upande ili uweze kuzipima ukiwa nje ya mlango. Miguu ni vyuma vya mraba vyenye matundu ya kurekebisha urefu.

Mchanga upime kwa mizani, usikisie kwa macho. Mzigo mwingi uwe karibu na nyonga, kidogo kifuani, kidogo mapajani. Andika uzito wa kila mfuko kwa rangi na usiubadilishe tena.

Sasa jambo muhimu kuliko yote: kabla ya kupima kiti chako, pima kiti cha kiwandani ambacho hakijaguswa, kwenye gari la aina ileile. Andika umbali wa nyonga kutoka kisigino kwa kwenda nyuma, kimo chake kutoka sakafuni chini ya kisigino, na pembe ya mgongo kwa kipimapembe chenye timazi. Kisha pima chako. Kosa la chombo limo kwenye vipimo vyote viwili, kwa hiyo ukitoa kimoja kwenye kingine linapungua sana. Pima kila kiti mara tano. Vipimo vikitawanyika zaidi ya mm 10, shida iko kwenye namna unavyomkalisha, si kwenye kiti. Mara nyingi ni kitambaa kilichojikunja nyuma ya matako.

Mchoraji_Ibanda (Bukavu)

Niongeze upande wa mchoro, maana nyonga moja haitoshi. Madereva ni wengi na kila mmoja anavuta kiti mahali pake.

Kwanza, tuachane na "mtu wa wastani". Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Gilbert Daniels wa jeshi la anga la Marekani alichukua marubani 4,063 na vipimo 10 vya mwili, akatafuta walio katikati kwenye vyote 10. Hakupata hata mmoja. Mwenye miguu mirefu anaweza kuwa na kiwiliwili kifupi. Ukichora kiti kwa mtu wa wastani, umemchorea mtu ambaye hatapanda gari lako.

Badala yake kuna milinganyo ya mahali kiti kinapowekwa na madereva. Ya SAE J1517 ni hii. x ni umbali wa mlalo, kwa milimita, kutoka sehemu ya unyayo inayokanyaga pedali hadi nyonga, na z ni kimo cha nyonga kutoka kwenye kisigino (persentili 95 maana yake madereva 95 kati ya 100 hukaa hapo au mbele yake):

persentili 95: x = 913.7 + 0.672316z − 0.0019553z²
persentili 50: x = 793.7 + 0.903387z − 0.00225518z²
persentili 5: x = 692.6 + 0.981427z − 0.0022623z²

Unyayo hapo unahesabiwa mm 203 kutoka kisigino, kwa kufuata soli ya kiatu.

Tuhesabu. Gari dogo, z = 270: unapata 953, 873 na 793. Reli inahitaji mm 160 kutoka mtu wa 5 hadi wa 95. Sasa inua kiti hadi z = 380: unapata 887, 811 na 739. Kumbe kiti kilipopanda mm 110, dereva wa katikati alisogea mbele mm 62. Anayeinua kiti kwa kuweka vipande vya chuma chini ya reli bila kuisogeza mbele anamnyima dereva mfupi pedali ya klachi. Kisha anashangaa kwa nini dereva anakaa ukingoni mwa kiti, mgongo hewani.

Macho: katika SAE J941, katikati ya eneo la macho ni mm 638 juu ya nyonga, na jicho la kulia na la kushoto ziko mm 32.5 kila upande wa mstari wa katikati. Hilo ni eneo lenye umbo la yai, si nukta. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuona mbele zinatumia nukta mbili: V1 iko mm 665 na V2 mm 589 juu ya R, zote mm 68 nyuma yake, kwa mgongo wa nyuzi 25. Pembe ikibadilika kuna jedwali la kusahihisha, usiisahau.

Katindo3D (Goma)

Na programu? RAMSIS tunaisikia tu.

Mchoraji_Ibanda (Bukavu)

RAMSIS ya Ujerumani na Jack iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ni nzuri, lakini leseni zake ni za viwanda vikubwa. Wazo lililo ndani ndilo la kuiga. Kundi la Matthew Reed pale UMTRI, taasisi ya utafiti wa usafiri ya Chuo Kikuu cha Michigan, lilionyesha njia ya hatua kwa hatua: kwanza unakadiria nyonga itakuwa wapi, kisha jicho litakuwa wapi ukitoka nyonga, ndipo unajaza mgongo, shingo, goti na kiwiko vifuate. Nyonga na jicho ndivyo vinavyoamua kama mtu anafikia pedali na anaona barabara. Kiwiko kikikosea nyuzi 8 gari bado linafaa.

Wengi wanafanya kinyume. Wanachukua jedwali la pembe za starehe, kama lile la Rebiffé la 1969 (goti 95 hadi 135, kiwiliwili na paja 95 hadi 120, kifundo 90 hadi 110, kiwiko 80 hadi 120), wanamkunja mwanasesere wa kompyuta hadi pembe zote ziwe katikati, wanasema amekaa. Jedwali hilo linakuambia mkao upi haumuumizi mtu. Halikuambii atakaaje.

Kwa bure: MakeHuman kutoa mwili wenye vipimo unavyotaka, Blender kuupa mifupa, FreeCAD kwa gari lenyewe. Weka kiungo cha nyonga ya mfupa kwenye nukta H, si matako juu ya mto.

Mama_Vipimo (Lubumbashi)

Jambo sana. Hesabu za ndugu wa Ibanda ni sahihi, lakini zimetoka kwa madereva wa Marekani, nusu wanaume nusu wanawake, kwenye viti vya mtelezo mrefu. Mashofere wa Kamalondo na Katuba hapa Lubumbashi karibu wote ni wanaume, na uwiano wa miguu na kiwiliwili hauwi uleule kila mahali duniani. Tumia milinganyo kupata umbo la jibu, kisha sahihisha kwa watu wako.

Watu wangapi? ISO 15535 inatoa hesabu: n = (1.96 × CV ÷ α)² × 1.534². CV ni mtawanyiko kwa asilimia, α ni kosa unalolikubali kwa asilimia. Urefu wa mtu hutawanyika karibu asilimia 4. Ukikubali kosa la asilimia 2, unahitaji watu 37. Ukitaka asilimia 1, watu 145. Kwa vipimo vyenye mtawanyiko wa asilimia 5 na kosa la asilimia 2, watu 57. Kituo kimoja cha taxi-bus kinakupa hao kwa siku mbili. Ukipima kumi tu, usiseme "persentili 5", maana huna.

Vipimo vya lazima: urefu wa kusimama, kimo cha kukaa (kutoka ubao hadi utosi), kimo cha jicho ukiwa umekaa, matako hadi goti, kimo cha goti, upana wa nyonga ukiwa umekaa, upana wa mabega, uzito. Watu wakae kwenye ubao mgumu, si kwenye kiti cha gari. Kiatu kipimwe peke yake. Buti la mgodini linaongeza mm 25 hadi 40 chini ya kisigino na ni pana kuliko sandali, kwa hiyo pedali mbili zilizokaribiana zinakanyagwa pamoja. Kwa magari ya kubeba wafanyakazi wa migodi ongeza kofia ngumu kwenye nafasi ya kichwa na mkanda wenye betri ya taa nyuma ya kiuno. Kitu cha mm 60 nyuma ya kiuno kinasukuma nyonga mbele na kuacha mabega bila egemeo. Njo maana egemeo la gari la mgodi linahitaji pengo pale chini.

Mkao wenyewe upigieni picha kwa ubavu. Bandikeni duara la karatasi nyeupe la mm 20 kwenye kifundo cha mguu, ubavu wa goti, mfupa wa nyonga unaotokeza, ncha ya bega, kiwiko na kona ya nje ya jicho. Kamera iwe mita 4 mbali, usawa wa kiwiko; picha ikuzwe kwa lenzi, si kwa kusogea karibu. Rula ya kipimo iwe kwenye bega na nyonga ya mtu, si ukutani nyuma yake. Mfano: nukta iliyo sm 20 karibu na kamera kuliko rula inaonekana kubwa kwa asilimia 11 ukiwa mita 2, na asilimia 5 ukiwa mita 4. Kosa hilo linaweza kupotosha na pembe za viungo. Pembe zisomeni kwa programu ya Kinovea, ni bure.

Mlango ukizuia nyonga, ufungueni au uondoeni. Nyonga ya kukisia haifai.

Kampemba_Auto (Lubumbashi)

Kuhusu volani (usukani) kuhamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa hapa tunaendesha upande wa kulia na magari mengi ni ya Japani.

Wengi wanaangalia mfumo wa volani tu. Mkao unaharibikia mahali pengine: mistari mitatu ya kwenda mbele na nyuma ukitazama gari kutoka juu, wa katikati ya kiti, wa katikati ya volani, na wa katikati kati ya pedali ya mafuta na ya freni. Upande wa kulia wa gari ulipangwa pamoja. Upande wa kushoto unapata kiti kilichokuwa cha abiria, ambacho reli zake huwa hazina umbali uleule kutoka mhimili wa gari, na pedali zinazoepuka tao la gurudumu. Matokeo: kiti kinaelekea mbele, miguu inaelekea kulia, mikono kushoto. Kiuno kinajipinda saa nane kwa siku.

Sisi garajini tunakubali mm 20 kati ya kiti na volani. Ikizidi hapo, sogezeni reli za kiti, msijaribu kuinamisha mhimili wa volani kwa upande. Angusheni timazi tatu, pigeni chaki sakafuni, pimeni kabla ya kuchomelea kitu chochote.

Kisha macho. Waipa za gari la kulia zinafagia kwa kumpendelea aliye kulia. Dereva akihamia kushoto, pembe ya kioo karibu na nguzo ya kushoto inabaki na maji pale anapoangalia kona. Wekeni taa ndogo mahali pa jicho (mm 638 juu ya nyonga) usiku, mulikeni kioo, mtaona waipa inafagia wapi na nguzo inaficha nini. Na taa za mbele za gari la Japani zinainua mwanga kushoto, yaani usoni mwa wanaokuja. Hilo si la mkao, lakini msilikubali.

Kadutu_Viti (Bukavu)

Na abiria? Safu tano kwenye Hiace zinaombwa kila siku.

Fundi_Ndosho (Goma)

Kwa abiria tumia namba za UN R107, kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mabasi, kama kima cha chini, usishuke chini yake. Kutoka uso wa egemeo hadi mgongo wa egemeo la mbele: mm 650 kwa minibasi na mabasi ya mjini, mm 680 kwa mabasi makubwa ya safari. Pima kuanzia usawa wa juu wa mto hadi mm 620 kutoka sakafuni, kwa sababu bomba la mlalo lililochomelewa nyuma ya egemeo linakula nafasi hasa pale goti lilipo. Upana wa mto mm 400 kwa mtu. Upana wa nafasi kwenye mabega mm 450 kwa benchi la pamoja, 500 kwa kiti cha peke yake. Kimo cha mto kutoka sakafuni mm 400 hadi 500, na 350 pale juu ya tao la gurudumu. Kina cha mto angalau mm 350.

Fanya hesabu mwenyewe. Unene wa egemeo mm 60 ukijumlisha 650 ni mm 710 kwa safu. Safu tano ni mm 3,550. Pima sakafu kutoka nyuma ya viti vya mbele hadi mlango wa nyuma, mteja aone jibu kwenye metre.

Watu wa Kivu wanabeba mzigo mapajani: kapu la soko, mtoto, mfuko wa unga. Tumbo na kapu pamoja vinaweza kufikia mm 450 kutoka egemeo kabla ya goti hata kuguswa. Mama aliyefunga kitenge hawezi kutanua magoti kukwepa bomba kama mwanaume wa suruali. Ukimchora abiria kwenye kompyuta, mchore na kapu lake.

Na kwa minibasi za Japani mlango wa kuteleza uko kushoto, kwa hiyo hapa kwetu abiria anashukia katikati ya barabara. Ukiwa unapanga upya viti, kiti cha karibu na mlango kiache nafasi ya mtu kusimama na kuangalia nyuma kabla hajakanyaga chini.

Katindo3D (Goma)

Mkao uliopimwa gari likiwa limesimama ni nusu tu ya kazi kwa barabara za mawe ya volkano. Mwili wa mtu aliyekaa unaitikia zaidi mtikisiko wa wima wa karibu hezi 5. Sponji laini na nene inaweza kuukuza mtikisiko huo badala ya kuuzima. Kisha kuna kugonga chini: sponji inaisha, makalio yanakutana na bati. Ishara yake ni alama iliyosuguliwa hadi kung'aa kwenye bati chini ya mto.

Tumieni sponji ya kilo 50 hadi 60 kwa mita ya ujazo kwa mto, si ya godoro la bei rahisi. Jaribio la haraka: mkalishe mtu wa kilo 90, ingiza kidole kati ya sponji na bati kwa chini. Kikibanwa kabisa, ongezeni unene au badilisheni sponji. Ulaya kiwango cha kuchukua hatua kwa mtikisiko wa mwili mzima ni 0.5 m/s² kwa saa 8, na kikomo ni 1.15. Simu yenye programu ya kupima mtikisiko, ikifungwa kwa nguvu kwenye bati chini ya mto, haiwezi kutoa namba ya kisheria, lakini inaonyesha kiti kipi kinatikisa kuliko kingine kwenye kipande kilekile cha barabara.

Nafasi ya kichwa: kutoka nyonga nenda juu kwa mstari ulioinama nyuzi 8 kwenda nyuma hadi darini, jumlisha mm 102. Hiyo ndiyo namba wanayoandika viwandani. Kwa barabara za Goma usiipunguze hata kidogo kwa kuinua kiti.

Kadutu_Viti (Bukavu)

Swali la mwisho. Wateja wanaomba uvimbe mkubwa wa kiuno kwenye egemeo. Niweke?

Mama_Vipimo (Lubumbashi)

Weka mdogo. Masomo ya UMTRI ya miaka ya 1990 yalionyesha kuwa madereva wanakaa na mgongo ulionyooka kuliko wanaposimama, hata wakipewa egemeo lenye uvimbe. Uvimbe mkubwa hauwarudishi kwenye mkunjo wa kusimama. Unawasukuma mbele tu, nyonga inateleza, na ile x uliyoihesabu inapotea. Mm 10 hadi 20, kwenye usawa wa mkanda wa suruali, na sponji ya hapo iwe laini kuliko ya kandokando. Ukishaweka, rudisha mwanasesere wako wa tripleksi na upime nyonga tena. Ikisogea mbele zaidi ya mm 10, punguza uvimbe.